Kutembea, baiskeli, bahari au chupa za mchanga: baada ya saratani ya titi uanze na lipi?

Mie ni mshonaji, nakaa Ngamiani, Tanga, na futi halitoki shingoni mwangu. Huu ni mwaka wa pili tangu nimalize matibabu. Titi la kushoto liliondolewa pamoja na tezi za kwapani, zikafuata dripu za kemo, kisha wiki za mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na sasa nimebaki na kidonge kimoja kila usiku. Tangu hapo wateja wangu wamekuwa wa aina mbili. Wapo wanaoleta kitambaa. Na wapo wanaoingia, wakavuta pazia, wakakaa kwanza, halafu wakauliza kwa sauti ya chini: "Dada, wewe ulifanya mazoezi gani?"

Jibu ni refu kuliko muda wa kupima gauni, ndiyo maana naliandika. Nimejaribu manne: kutembea, baiskeli, kuogelea, na kunyanyua chupa zilizojazwa mchanga. Yote yanapatikana Tanga bila kulipa jimu. Lakini kila moja lina lake linalotengeneza mwilini, na anayekwambia "fanya mazoezi tu, yoyote" amekusaidia nusu.

Ukuta kwanza

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji hakuna kuchagua. Kazi ni moja, kuufungua mkono. Mrija wa kutoa maji ukiwa bado upo, ni kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko na kuinua mkono usizidi usawa wa bega. Mrija ukitoka na daktari akiruhusu, unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kidogo kidogo kama buibui. Mimi nilitia alama kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Ya kwanza ilikuwa usawa wa pua. Ya mwisho iko juu ya fremu ya mlango, na mpaka leo sijaruhusu mtu apake rangi ukuta ule.

Jambo moja sikuambiwa mapema. Wiki ya nne hivi nilihisi uzi umekazwa chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi kiwikoni, kama mshono uliovutwa. Nililia usiku kucha nikidhani ugonjwa umerudi. Kumbe hutokea kwa wengi walioondolewa tezi, na dawa yake ni kunyoosha mkono taratibu kila siku. Wangu uliachia wenyewe.

Yanayofuata hapa ni ya baada ya kidonda kufunga na bega kuanza kwenda, na baada ya daktari wako kusema ndiyo. Kama ugonjwa uliwahi kufika kwenye mifupa, usinyanyue kitu wala kupinda mgongo kabla hujamwuliza hasa kuhusu hilo. Na kama ulipewa ile dripu nyekundu ya kemo, au sindano ambazo walikuwa wakikupima moyo kwa ajili yake, uliza moyo umebakije kabla ya kuanza kwenda mbio.

Uchovu: hapa kutembea hakuna mpinzani

Uchovu wa kemo na mionzi haulaliki. Nililala mchana kutwa, nikaamka mzito kuliko nilivyolala. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani, lilitoa mwongozo kwa waliotibiwa saratani: dakika 30 za mwendo wa wastani, mara tatu kwa wiki, kwa wiki zipatazo 12, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Ndiyo kusema kinachochosha mwili uliochoka ni kutokutumika pia.

Uzuri wa kutembea ni kwamba unaanza na dakika tano na hakuna anayekucheka. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hadi Soko la Mgandini, nikaomba kiti kwa muuza vitunguu, nikarudi. Baada ya mwezi nikawa navuka reli mpaka Bustani ya Jamhuri, nakaa natazama bandari. Siku hizi nashika barabara ya Bombo, kwenye miti mikubwa, mpaka Raskazone, ufukweni.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa. Ukiweza kuimba, unakwenda pole mno. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Uwe unaweza kujibu salamu lakini huwezi kuimba, na salamu za Tanga mnazijua, zina "habari za nyumbani, za watoto, za kazi", kwa hiyo ni kipimo kizuri hasa.

Baiskeli kwa mtu mchovu ina hila yake. Inakukopesha. Unaanza vizuri, upepo unakubembeleza, unajikuta Sahare, na uchovu unakuja kudai huko huko wakati kurudi bado kupo. Bahari nayo inakula nguvu kabla hujaingia: kwenda, kubadili nguo, kusuuza chumvi, kukausha nywele kama zimeota. Chupa zina nafuu, kwa sababu siku mbaya kabisa unaweza kukaa kwenye kiti ukanyanyua dakika tano na kuishia hapo.

Ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi inayokatika ukiwa umekaa, hilo si la mazoezi tena. Ni la hospitali.

Mkono: hapa ndipo penye ubishi

Watu wa pwani hii matende tunayajua tangu utotoni. Basi mkono wa mtu aliyekatwa titi ukivimba, mtaa mzima una jina lake tayari. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alinikuta na chupa mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkono huo usiuchokoze, utafanya matende."

"Sawa, bibi."

Alipotoka nikaendelea. Si kwamba nilimdharau. Bibi amepatia kitu kimoja: matende na uvimbe wetu vyote ni limfu, yaani maji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe na tezi, iliyokosa njia. Ila matende huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, ikakaa kwenye mishipa ya limfu miaka. Sisi njia zetu zilifungwa na kisu na mionzi, tezi zilipoondolewa au kubaki na makovu. Huambukizi mtu, wala mbu hahusiki.

Kilichoniumiza zaidi ni wasia niliopewa katika hospitali moja, sitaitaja: "Mkono huu usinyanyue kitu kizito kuliko birika, maisha." Nikatii miezi minane. Bega likaganda. Mkono ukakonda juu, ukawa dhaifu kama wa mtoto. Kisha ikaja harusi ya mtoto wa shangazi, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi kumi na mbili, maana nani atakataa kukuna nazi kwenye harusi ya nyumbani? Kesho yake pete haikutoka kidoleni. Kilichoushinda mkono ni miezi minane ya kukaa bure, halafu ghafla kazi ya watu watatu.

Wasia ule ulikuwa wa zamani. Mwaka 2009 mtafiti Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianzia uzito mdogo sana na kuongeza kidogo kidogo, huku wamevaa soksi ya mkono inayobana. Nusu hawakunyanyua. Baada ya mwaka, vyuma havikuwa vimeongeza uvimbe. Na waliopatwa na mkono kuchachamaa walikuwa asilimia 14 kwa walionyanyua, asilimia 29 kwa wasionyanyua. Niliposoma hayo niliikumbuka birika, nikacheka kwa hasira.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, daktari Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwatia wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi ndani ya mtumbwi mrefu wakapige kafi, kazi inayotegemea mikono hasa. Hakuna aliyevimba mkono. Leo akina mama wa namna hiyo wana timu nchi nyingi. Nikiziona ngalawa zinapita mbele ya Kisiwa cha Toten huwa najiuliza Tanga inangoja nini, lakini hilo tuliache.

Sasa linganisha. Kutembea hakuuimarishi mkono. Tena kwenye joto la Januari, mkono unaoning'inia nusu saa huanza kujaa vidoleni, kwa hiyo natembea nikifumba na kufumbua ngumi, na kila nikifika kwenye nguzo ya umeme nainua juu. Baiskeli inautumia mkono vibaya kidogo: unaegemea viganja, unakaza breki, na barabara ya vumbi inakutikisa hadi begani. Dawa ni usukani kuwa juu. Nilimpelekea fundi.

"Mama, niuinue mpaka wapi?"

"Mpaka nikae kama niko kwenye cherehani."

Akaelewa mara moja. Sasa uzito wangu uko kwenye tandiko, mikono inaongoza tu.

Bahari ndiyo inayoubembeleza mkono kuliko yote. Maji ya kifuani yanaubana pande zote kama soksi, na wakati huohuo yanaubeba, bega likaenda mahali ambapo nchi kavu haliendi. Huhitaji kujua kuogelea. Tembea ndani ya maji, sukuma maji kwa viganja mbele na nyuma. Hatari yake ni mawe yenye chaza. Mkono uliopoteza tezi haupigani vizuri na vijidudu, na mchubuko mdogo unaweza kuleta ngozi nyekundu, moto na homa, ambayo ni ya kwenda kutibiwa siku hiyo hiyo. Usiingie kabisa kama kidonda hakijafunga au ngozi ya mionzi bado inabambuka.

Chupa ndizo peke yake zinazoujenga mkono. Nilianza na chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo ni nusu kilo. Ukiijaza mchanga mkavu inafika gramu 800 hivi, na ya lita moja ya mchanga inapita kilo moja na nusu. Mara kumi kwa kila mkono, pumzika, rudia. Mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana. Nikikaa wiki mbili bila mkono kulalamika, naongeza mchanga. Nikisafiri nikaacha mwezi, narudi chupa ndogo, siendelei nilipoachia.

Na futi ndilo linaloamua. Nachora nukta sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, mikono yote miwili, napima mara moja kwa mwezi na kuandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mwisho. Tofauti ikifika sentimita 2, au mkono ukiwa mzito na nguo kubana kabla hata futi halijasema, punguza uzito umwone mtaalamu wa viungo. Usingoje uvimbe mkubwa. Mdogo unarudi, mkubwa ni mkaidi.

Mifupa na viungo

Hili huwa halitajwi mpaka mtu avunjike. Vidonge vya letrozoli na anastrozoli, wanavyopewa wengi waliokwisha kukoma hedhi, hupunguza mifupa nguvu na huleta viungo vinavyouma asubuhi kana kwamba ulilala ndani ya gunia. Wengine huviacha kwa ajili hiyo, na kuviacha ni hatari kuliko maumivu. Chuo Kikuu cha Yale kiliwachukua wanawake 121 wenye maumivu hayo. Kundi moja lilifanya mwendo wa dakika 150 kwa wiki na vyuma mara mbili, na maumivu yao yakapungua kuliko ya wenzao. Matokeo yalitoka 2015.

Mfupa huimarika unapobebeshwa. Kwa hiyo kutembea na chupa zinashinda, na baiskeli na bahari zinashindwa vibaya, kwa sababu zote mbili zinakubeba wewe. Samahani kwa wapenda bahari, nami ni mmoja wao. Ongeza kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara kumi, ukingoja chai ichemke.

Miguu yenye ganzi

Kemo nyingine huacha ganzi kwenye vidole. Mguu usiohisi hautajua kijiwe kilichomo kiatuni, kwa hiyo ukitembea, vaa raba zilizofungwa, chagua lami na utazame nyayo ukirudi. Baiskeli inaupumzisha mguu kama huo, ilimradi viganja vyako bado vinahisi breki. Kama navyo vina ganzi, niamini mimi niliyeingia kwenye meza ya muuza machungwa: bado.

Stara, jua na pesa

Baiskeli Tanga haina aibu. Mji ni tambarare, na mwanamke mwenye buibui juu ya baiskeli hapa hageuziwi shingo. Mwenzangu wa kwingine akinisikia atashangaa, lakini mji huu ndivyo ulivyo. Pesa ndiyo inayouma, hata ya mtumba, na fundi wa kila mwezi.

Bahari inahitaji mpango. Nguo ya kuogelea ya kujifunika nilijishonea mwenyewe, na titi la nguo la kuingia nalo majini lisijazwe pamba, litakunywa maji likuvute upande. Kuhusu saa, fuata mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yamejaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yametoka yameacha mawe. Siku za maji mafu, yale yasiyopanda sana, yanajaa katikati ya asubuhi, jua likiwa kali, na ngozi iliyopigwa mionzi haipendi jua, si mwaka huu tu. Mimi nakwenda jioni za bamvua, na wenzangu wawili, kamwe si peke yangu. Kusi likivuma nakaa nyumbani.

Kutembea ni bure, baada ya swala ya alfajiri au jua likishapoa. Masika yanakuharibia mwezi mzima, lakini hata baiskeli yatakuharibia. Ramadhani nasogeza mwendo hadi baada ya futari, maji yakishaingia mwilini.

Chupa zinafanyika chumbani, mlango umefungwa, bila sidiria, bila titi la nguo, bila macho ya mtu. Mwezi wa kwanza hilo lilinifaa kuliko mchanga wenyewe.

Basi uanze na lipi?

Kama kemo imeisha juzi na ngazi tatu zinakutoa pumzi, tembea. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Mengine yatakungoja.

Kama bega limeganda na kidonda kimefunga, ukuta kila siku na bahari jioni za maji mengi.

Kama unameza letrozoli au anastrozoli, kutembea na chupa, hata kama roho yako iko Raskazone.

Kama magoti yanauma na una kilo nyingi zilizoletwa na dawa, baiskeli itakupeleka dakika 30 ambazo miguu ingekunyima. Chupa ziongeze.

Kama mkono umeshavimba, usianze chupa peke yako. Nenda hospitali ya Bombo au kwa mtaalamu wa viungo aliye karibu, ukapimiwe soksi ya mkono, uanze mbele yake.

Nikilazimishwa kubaki na mawili tu, naacha baiskeli, naacha hata bahari yangu, nabaki na njia ya Bombo na chupa zangu mbili. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki na misuli angalau siku mbili, na mawili hayo yanafikisha hesabu. Ila ukiona hutavumilia kutembea bila kuchoka roho, fanya unalolipenda. Baiskeli unayoipanda inakufaa kuliko mwendo unaouahirisha.

Kuna wanaoniambia, "Mimi nafua, natwanga, nachota maji, mazoezi yapi tena?" Kazi hizo zinahesabika kwa pumzi na jasho. Kwa mkono hazihesabiki vizuri, kwa sababu hazipandi kidogo kidogo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 leo na kilo 20 kesho, na kinu hakijui kwamba ulikatwa tezi. Ujenge mkono kwa chupa kwanza, ndoo uirudie nusu, kisha robo tatu. Nazi gawaneni.

Bibi jirani alikuja juzi tena. Alikaa, akautazama mkono wangu wa kushoto, akautazama wa kulia, akavuta futi shingoni mwangu akapima mwenyewe. Ishirini na nane, ishirini na saba na nusu. Akalirudisha futi. Kisha akauliza mchanga ule niliuchota wapi, maana magoti yake siku hizi yanamsumbua kuinuka kwenye mkeka.